Gereza, Kengeleni na Kariokor: Ziara za Kihistoria na Swali la “Nani wa Kwetu?”

Ziara ya kihistoria imekuwa ada katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya. Aghalabu muhula unapokaribia ukingoni, wanafunzi huchanga nauli, hukodi basi, husafiri usiku kucha na kufika Mombasa kukipambazuka. Hupitishwa Ngome ya Yesu, huteremka vichochoro vya Mji wa Kale, huonyeshwa mnara wa kengele wa Frere Town, na fedha zikibaki hufikishwa Rabai au hata Taveta kuliko na makaburi ya Vita Vikuu vya Kwanza. Jioni huwa ufuoni wakiogelea. Wiki moja baadaye ripoti huandikwa: kwamba ngome ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwamba aliyeichora alikuwa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, kwamba iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2011. Yote hayo ni sahihi. Yote hayo, vilevile, yangeweza kunakiliwa maktabani bila mtu kutoa hata shilingi moja ya nauli.

Makala haya yanadai kwamba kasoro ya ziara hizi haitokani na uhaba wa tarehe wala uzembe wa waelekezaji, ambao wengi wao ni watu wa maarifa mapana. Kinachokosekana ni swali ambalo mwanafunzi alipaswa kulibeba kutoka nyumbani: nani wa kwetu alipita hapa? Mgeni anayetoka Afrika Kusini au Uingereza kuja Taveta hulijua swali hilo, kwa sababu ndilo lililomtoa kwao. Huja na jina la babu yake kwenye kikaratasi, hutembea safu moja baada ya nyingine mpaka alifikie jiwe analolitafuta, kisha huinama. Mwanafunzi wa Kenya huwa amesimama kando akimtazama, chakula cha mchana mkononi, akiwa na hakika kwamba ugomvi uliowaleta marehemu wale mahali pale ulikuwa wa watu wengine. Wahenga waliasa kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Lakini nyingi katika ziara hizi husafiriwa hivyo hivyo, kwa nyota ya Mreno, ya mmishenari na ya jenerali.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayo njia ambayo mwenzake wa taaluma nyingine huenda asiwe nayo. Katika sehemu hizi za ibada na za vita, yale ambayo mawe hayakuandika yalihifadhiwa na lugha, wakati mwingine katika neno moja tu.

Lichukuliwe neno gereza. Wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Ndani ya ngome ya Wareno mlikuwa na kanisa, na yamkini mwenyeji aliyesikia jina la nyumba ile ya ibada alilitumia kwa jengo zima, kuta na mizinga yake pamoja. Kule Kilwa Kisiwani, ngome kongwe inayotazama bahari inaitwa Gereza hadi leo. Waingereza nao walipoigeuza Ngome ya Yesu kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, maana ya kifungo ilizidi kukita mizizi. Wareno waliacha maneno mengine yasiyo na uchungu, kama vile meza, leso, bendera na karata, ambayo hakuna anayeyatumia akiwakumbuka. Lakini gereza ni neno la kutafakariwa. Ni nani aliyeingia katika jengo lile, au aliyelitazama kutoka nje, hata jina la mahali pa kusali likageuka kuwa jina la mahali pa kufungiwa? Jibu la swali hilo halipatikani katika kabati za makumbusho, na hapana shaka haliwezi kuwa Mreno.

Juu ya lango la ngome kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Wanafunzi hupita chini yake wakikimbilia kupigwa picha karibu na mizinga. Laiti wangesimama na kuomba wafasiriwe! Jiwe hilo linamsifu Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27 (umri wa mwanafunzi wa uzamili asiyemaliza tasnifu). Linajigamba kwamba aliwatiisha watu wa pwani walioasi, akaziadhibu Pate na Siyu hata akazibomoa kuta za miji yao, akawachapa watu wa Pemba, akawaadabisha Musungulo, jina ambalo Wareno waliwaita watu wa bara nyuma ya Mombasa na ambalo wanahistoria wengi hulihusisha na mababu wa Wamijikenda. Kwa hivyo mwanafunzi aliyezaliwa Siyu, au yule aliyetoka Kaloleni, hana haja ya kutafuta sana alama ya kwao katika ngome ile. Kwao kumeandikwa mlangoni. Kumeandikwa na mwenye fimbo, lakini kumeandikwa.

Uasi unaotajwa na jiwe hilo ni ule wa Yusuf bin Hasan, na kisa chake chafaa kusimuliwa kwa utulivu kuliko inavyofanywa katika ziara za saa moja. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiagostino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala akiwa mfalme Mkristo. Inasimuliwa kwamba alichunguzwa na kuonekana akizuru kaburi la babake usiku na kuliombea kwa taratibu za Kiislamu, na kwamba habari hizo zilipomfikia kapteni, mfalme alitambua kwamba atarejeshwa Goa kuhukumiwa. Mnamo Agosti 1631 alimwua kapteni na kuitwaa ngome. Wakristo waliokataa kusilimu waliuawa. Miongoni mwao walikuwamo Wareno, na walikuwamo pia Waafrika waliobatizwa. Mwaka 1632 Yusuf aliiacha Mombasa, akaishi maisha ya baharini hadi alipofariki mwaka 1638.

Wapo wanaomsoma Yusuf kama shujaa wa ukombozi, na wapo wanaomsoma kama mwuaji wa mashahidi wa dini. Masomo yote mawili yana ushahidi wake. Lakini chanzo cha yote, kama simulizi ni ya kweli, ni mtu aliyekwenda kuzuru kaburi la mzazi wake. Alikuwa na majina mawili, dini mbili na taratibu mbili za kusali, na alipofika kaburini akajua ni ipi iliyokuwa ya kwao. Mwanafunzi mwenye jina la ubatizo na jina la ukoo, ambaye nyanya yake alitambikia mizimu na mama yake huimba katika kwaya ya kanisa, hahitaji kufafanuliwa zaidi jambo hilo. Hapo ndipo ngome inapoacha kuwa ya Wareno.

Mfano mwingine ni wa kuzingirwa kwa ngome na majeshi ya Omani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Vitabu huueleza mgogoro huo kama wa Waarabu na Wareno. Lakini maradhi yalipokuwa yamewamaliza Wareno waliokuwamo ndani mwaka 1697, ngome ilishikiliwa kwa muda na Bwana Daudi wa Faza, jamaa zake wachache, wanaume wa Kiafrika wasiofika 10, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Jina la Daudi limehifadhiwa. La mwanamke hata mmoja halijulikani. Walikuwa wake za nani? Walitoka wapi? Walikaa ukutani kwa hiari, kwa utumwa, au kwa sababu nje hapakuwa na salama zaidi? Hawa ni nusu mia ya wanawake waliotetea mojawapo ya majengo mashuhuri zaidi katika nchi hii, na hakuna ripoti ya ziara inayowataja.

Ukivuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni, mambo hubadilika sura. Hapa ardhi ni ya dini, na jina la mtaa ni Kengeleni. Abiria wa matatu hulitamka kila siku bila kufikiri. Kengele yenyewe ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na Chama cha Kimishenari cha Kanisa la Uingereza mnamo mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kupewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge masoko ya watumwa. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi baharini, watu waliokuwamo waliteremshwa hapa: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Inasimuliwa kwamba kengele iliwaita kwenye ibada na kuwatahadharisha wakati wavamizi walipokaribia. Chombo kimoja, kazi mbili: kuita watu wasali, na kuwaita wajihami.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa methali isemayo mkataa kwao mtumwa. Huiandikia insha tangu shule ya msingi, na husifiwa akiieleza vizuri. Lakini methali hiyo ikitamkwa Kengeleni huleta kigugumizi. Watu walioteremshwa pale hawakuwa wamekataa kwao. Walinyakuliwa wakiwa watoto, wengine wadogo kiasi cha kutokumbuka jina la kijiji, wakafika wakiwa na jina walilopewa na mwuzaji, kisha wakapewa jina jingine na mbatizaji. Kwao palikuwa wapi, ili wapakatae au wapakubali? Wazao wao wapo hadi leo Kisauni, Rabai na Nairobi, na baadhi yao hubeba majina ya ukoo ya Kiingereza yanayowashangaza wasiojua asili yake. Ni haki kusema kwamba methali hii ilitungwa na mtu aliyekuwa na kwao. Fasihi simulizi haipungukiwi heshima kwa kuhojiwa hivyo. Kinachoipunguza heshima ni kukaririwa mbele ya makaburi ya watu inaowakosea.

Rabai nako kuna mtihani wake. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mnamo Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga upande wa bara. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Wanafunzi wa isimu wanamkumbuka kwa sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba maneno ya kamusi ile yalitoka vinywani mwa watu. Kadhi wa Mombasa wa wakati ule alimsaidia mmishenari huyo kutafsiri sura za Mwanzo, na wazee wa Rabai walimstahimili kwa maswali yake yasiyokwisha huku kaya yao takatifu ikiwa karibu tu pale msituni. Mwanafunzi akisimama Rabai, basi, asidhani amekuja kumzuru Krapf peke yake. Amekuja kuwazuru waliomfundisha Krapf.

Katika miaka ya 1880, watumwa waliotoroka mabwana zao walikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni. Rabai iliongozwa na William Jones, Myao aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, akasomeshwa Nasik huko India, na akawekewa mikono ya ushemasi mwaka 1885. Mabwana walipodai mali yao, mzozo ulikaribia kuwa vita, hadi George Mackenzie wa Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki alipolipa fidia, na Januari 1889 watu takriban 1,400 wakapewa hati za uhuru. Sasa, katika basi moja la wanafunzi 50, si ajabu kukiwa na kitukuu cha mtoro, kitukuu cha bwana aliyelipwa fidia, na kitukuu cha mzee wa kijiji aliyemficha mtoro au aliyemrudisha kwa malipo. Wote huimba nyimbo moja njiani. Swali la nani wa kwetu si la kujipa fahari tu. Huweza kuleta jibu la aibu, na huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutoulizwa.

Jones huyohuyo aliandamana na Askofu James Hannington katika safari ya mwaka 1885. Askofu alitangulia Busoga na kuuawa huko pamoja na wengi wa wapagazi wake, ilhali Jones alibaki nyuma Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, kisha akawaongoza waliosalia kurudi Rabai kwa miguu. Askofu ana siku yake katika kalenda ya kanisa. Wapagazi waliouawa naye hawana majina katika kalenda yoyote. Neno hilo, mpagazi, ndilo linalompeleka msomaji Nairobi.

Katika Barabara ya Kenyatta kuna sanamu ya shaba yenye watu watatu, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, iliyosimamishwa mwaka 1928 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumika katika vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kipling ndiye aliyetunga ahadi iliyomo: kwamba anayefia nchi yake, wanawe watalishika jina lake. Ni ahadi nzito. Msomaji akizunguka sanamu hiyo kutoka upande mmoja hadi mwingine hatakuta jina hata moja.

Taveta hali ni nyingine. Wajerumani waliuteka mji huo Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishindwa vibaya katika kilima cha Salaita, na mwezi uliofuata mapigano yakaendelea katika vilima vya Latema na Reata. Waliokufa wakiwa wazungu wamelala katika makaburi yaliyopangwa kwa mistari, nyasi zimekatwa, na kila jiwe lina jina. Aliyewabebea wale risasi, unga na maji ni nani, na amelala wapi?

Idadi yao haikuwa ndogo. Waingereza walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa kutoka Kenya peke yake hukadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi, uchovu, na unga mbichi wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea. Mwaka 1917, wapagazi walipopungua, serikali ilianzisha msako mkubwa chini ya uongozi wa John Ainsworth, na machifu wakatakiwa kutoa vijana kwa hesabu. Hapa tena jibu huwa gumu, kwa maana mtu anaweza kuwa kitukuu cha aliyechukuliwa, au cha chifu aliyemwandikisha jirani yake ili mwanawe asalie nyumbani. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia jamaa zao. Kilichowafikia ni kipande, cheti cha kusajiliwa ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kukivaa shingoni baada ya vita, na ambacho kilitokana kwa kiasi fulani na ujuzi uliopatikana katika kuwasajili wapagazi kwa nambari.

Mnamo Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi hiyo ikafika 350,000. Ripoti ilionyesha kwamba jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Katika miaka ya 1920 waliokuwa na mamlaka waliamua kwamba makaburi ya wapagazi huko Tanganyika yaachwe yamezwe na nyika. Mwingereza alistahili jiwe. Mkikuyu, Mluo, Mkamba, Mnandi, Mgiriama na Mluhya walitosheka na sanamu ya pamoja. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni, na tume ikaanza kuyasaka majina katika nyaraka zilizosalia.

Lakini kulikuwako kumbukumbu nyingine miaka yote hiyo, ambayo haikuhitaji kibali cha tume. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Watu waliokibeba jina hilo waliligeuza likafuata matamshi yao, na palipokuwa kambi yao Nairobi pakaitwa Kariokor. Dar es Salaam pakawa Kariakoo. Jina hilo halikuchongwa na mtu, halikuzinduliwa na gavana, na halikufumwa na Kipling. Limebaki kwa sababu watu walihitaji kusema wanakokwenda. Leo mama anayenunua chondo katika Soko la Kariokor, na kijana anayekula nyama choma pale mchana, hulitaja jina la kikosi cha marehemu bila kujua kwamba wanalitaja. Ni ukumbusho mkubwa kuliko ule wa shaba, ila una upungufu mmoja: wanaoutumia hawajaambiwa ni wa nani.

Pingamizi dhidi ya hoja hii zipo, na mbili zinafaa kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kumhimiza kila mwanafunzi atafute mtu wa kwao ni kuchochea ukabila, ugonjwa ambao Kenya iliuonja kwa uchungu mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kambi ya wapagazi haikuwa na kabila moja. Walilala bega kwa bega watu waliokuwa hawajapata kuonana, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kugawana chumvi, kuulizana habari za nyumbani na kutukana msimamizi pamoja. Mwanafunzi anayemtafuta babu yake katika kikosi hicho atamkuta amezungukwa na mababu wa wenzake. Kengeleni nako, aliyekwenda kutafuta ukoo atakuta watu walioanza upya bila ukoo.

Ya pili husema kwamba majengo haya ni makovu ya ukoloni, na kwamba kuyazuru ni kuyatukuza. Hoja hii hupendwa sana katika mijadala ya jioni vyuoni, na ina mvuto wa ujasiri. Tatizo lake ni kwamba inamwachia mkoloni kila alichokigusa. Kama ngome ni ya Mreno kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa, basi wale walioyachonga mawe ya matumbawe, wanawake wa mwaka 1697 na wafungwa wa karne ya 20 wamefukuzwa mara ya pili, safari hii na wajukuu wao.

Chama cha Kiswahili kina uwezo wa kurekebisha hali hii kwa gharama ndogo. Kabla basi halijaondoka, kila mwanachama na apewe majuma matatu ya kuuliza nyumbani: ni nani katika ukoo aliyekwenda vitani na asirudi, ni nani aliyebatizwa au kusilimu kwanza na kwa nini, ni jina gani la mtoto au la mahali ambalo hakuna anayejua lilikotoka. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mzee mwenyewe na tafsiri kandoni, yahifadhiwe katika maktaba ya idara, na nakala zipelekwe Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambayo iko hapohapo Moi Avenue. Wahadhiri wa fasihi simulizi wangeweza kuyahesabu kama kazi ya nyanjani badala ya kuwatuma wanafunzi mwaka baada ya mwaka kukusanya vitendawili vilivyokwisha chapishwa mara kumi. Waliokuwa vitani mwaka 1917 hawapo tena, na hata watoto wao ni wachache mno. Wajukuu wao ndio wazee wa leo. Mzee wa miaka 80 aliyemsikia nyanya yake akimlilia mume asiyerudi ana simulizi ambayo haimo katika nyaraka za London, na hatakuwapo kwa miaka mingi.

Wala si lazima ziara ya kwanza ya namna hii ifike Mombasa. Kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Soko la Kariokor ni mwendo wa miguu, kupitia kwenye sanamu ile ya Barabara ya Kenyatta kama mtu atakubali kuzunguka kidogo. Wanafunzi waanze kwa kuyasoma maandishi ya Kiswahili yaliyo kwenye sanamu, waende sokoni wakae na wafumaji wa vyondo na wenye vibanda, na wawaulize mahali pale panaitwaje, tangu lini, na kwa nini. Wengine watasema hawajui. Wengine watacheka. Na huenda akatokea mmoja, mama mtu mzima, atakayeweka kazi yake chini na kusema kwamba nyumbani kwao husimuliwa habari za mtu aliyechukuliwa na chifu wakati wa njaa, akaitwa Kariokor, na hakuonekana tena. Huyo aandikwe kwanza jina la mtu wake.